TUNAPIMWA TUKIENDA, NANI ANATUPIMA TUKIRUDI?

Naomba leo tuweke kando kidogo habari za nani kahama chama na nani kateuliwa balozi, tuzungumzie miili yetu. Maana tusidanganyane, mtaji ambao wengi wetu tulikuja nao huku ni mwili. Vyeti vyetu viliwekwa pembeni, uzoefu wetu ukaambiwa hautambuliki, lakini hakuna aliyeukataa mgongo wetu. Mgongo ulipokelewa siku hiyo hiyo na kupangiwa zamu ya usiku.

Hoja yangu ni moja. Mfanyakazi wa Afrika Mashariki anapimwa mara nyingi ili ijulikane kama ANAFAA kwa kazi. Hapimwi hata mara moja ili ijulikane KAZI IMEMFANYA NINI. Na serikali zetu, mawakala wetu, na sisi wenyewe tumekubaliana kimya kimya kwamba iwe hivyo.

Mimi ni muuguzi. Digrii niliisomea nyumbani, nikafanya kazi miaka mitatu katika hospitali moja ya kanda ya kaskazini mwa Tanzania, kisha nikaja Uingereza. Baada ya kuzunguka mawodini niliingia fani ambayo nyumbani wengi hawaifahamu: afya kazini. Mfanyakazi akiwa anaumwa mara kwa mara, meneja wake anamleta kwetu. Sisi hatumtibu. Tunatafuta uhusiano wa ugonjwa wake na kazi yake. Je, kazi ndiyo inayomuumiza? Je, ugonjwa unamzuia kufanya kazi hii lakini si ile? Kirekebishwe nini ili asipoteze riziki? Kisha tunaandika ripoti kwa meneja, kwa idhini ya mgonjwa, bila kumwaga siri zake.

Wengi wanaoletwa mambo yao ni mepesi. Fundi kaumia bega, apumzishwe, apewe mazoezi, arudi taratibu. Lakini wapo wale ambao kila ukishika upande huu, upande ule unachomoka. Hao tunawaita wagonjwa wenye utata. Nimefanya kazi hii miaka sita sasa, na nimeona kwamba utata mara chache unatoka mwilini. Unatoka kwa watu. Ukiuchimba unakuta kuna mtu mahali fulani ambaye ukweli wa kazi ile ukijulikana, atalipa, au atafukuzwa, au ataaibika.

Ngoja nitoe mfano. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asitambulike, naye kaniambia kwa mdomo wake, "Andika."

Mwaka 2023 aliletwa kwangu kaka mmoja Mtanzania, umri miaka 46, mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee. Barua ya meneja ilikuwa fupi: anaumwa mno, anafanya kazi polepole, hawezi kuwageuza wazee kitandani, tuambieni kama anafaa au hafai. Nilikuwa na dakika 40. Nikamuuliza yale yaliyomo kwenye fomu. Mgongo unauma? Unauma. Usingizi? Hakuna. Unakohoa? "Kidogo, dada, ni baridi ya huku." Nikaandika ripoti: anafaa kazi, asinyanyue mtu peke yake, atumie mashine ya kunyanyulia, apunguziwe zamu za usiku kwa wiki sita. Ilikuwa ripoti safi. Meneja alishukuru. Na ilikuwa ripoti ya kipumbavu, niliyoiandika mimi mwenyewe niliyesoma.

Baada ya miezi mitatu akarudi. Safari hii alipopanda ngazi moja tu kufika ofisini kwangu ilibidi akae kwanza ndipo aongee. Suruali ilikuwa imeshikiliwa na mkanda. Daktari wake wa mtaa alimpa dawa ya kuvuta akisema ni pumu. Hospitali walimpima TB, wakaikosa, wakasema labda ni makovu ya TB ya zamani. Mwingine akataja ugonjwa mwingine kabisa wa vivimbe mapafuni. Meneja aliamini ni mtegaji. Mkewe alishaanza kushuku kuna nyumba ndogo inayommaliza nguvu. Na yeye mwenyewe alishaamini ni watu wa kwao, kwa sababu alijenga nyumba ya bati jekundu kijijini na macho ya watu hayana pazia.

Tazameni jinsi kila mmoja alivyokuwa na jibu. Aliyekosekana ni mwenye swali.

Nikaiweka fomu pembeni, nikachukua karatasi nyeupe, nikaacha Kiingereza. Nikamwambia, "Kaka, nitajie kazi zako zote. Anza na ya kwanza kabisa ulipokuwa kijana." Akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akasema, "Mimi, dada? Mimi nilikuwa mwanaapolo."

Kwa ndugu zetu wa Kenya na kwingineko, wanaapolo ni vijana wanaochimba tanzanite pale Mererani. Huyu aliingia shimoni mwaka 1996 akiwa na miaka 19. Walitoboa mwamba pakavu bila maji, wakalipua, na vumbi kabla halijatua walikuwa wameshashuka, maana anayechelewa anakuta wenzake wameshika jiwe. Miaka mitano alikula vumbi lile. Kitambaa cha kufunga pua kilikuwa fulana yake mwenyewe.

Nikaandika miaka hiyo kwenye karatasi. Mwaka 2002 kaja Uingereza. Mwaka 2008 kaanza kulea wazee. Katikati pakabaki pengo. Nikamuuliza, "Hapa katikati ulikuwa unafanya nini?" Akasema, "Nilikuwa nakaa tu." Jamani, nani amewahi kukaa tu Uingereza miaka mitano bila kazi na bado akatuma hela ya bati? Sikumbana. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Mwishowe akasema maneno ambayo sitayasahau: "Ile miaka si yangu, dada. Ni ya mtu mwingine."

Wenye umri wa kukumbuka miaka ile mmeshanielewa. Alikuwa hana karatasi, akafanya kazi kwa jina na namba ya Mtanzania mwenzake, ambaye kila Ijumaa alichukua fungu lake. Na kazi yenyewe? Kiwanda kidogo cha kukata na kung'arisha yale mawe ya kutengeneza yanayowekwa juu ya makabati ya jikoni. Mawe hayo mengi yamejaa silika kuliko hata mwamba wa kawaida. Msumeno wa umeme, pakavu, ndani ya banda lililofungwa milango kwa sababu ya baridi. Alitoka vumbi la Mererani akaingia vumbi kali zaidi, akidhani kaula.

Kwa idhini yake nilimwandikia daktari wa kifua barua ya ukurasa mmoja: miaka ya vumbi, aina ya vumbi, basi. Sikutaja jina la kiwanda wala la mwenye namba. Picha zikatazamwa upya, skani ikarudiwa, wataalamu wakakaa kikao. Jibu: silikosisi. Vumbi la mawe limegeuza mapafu kuwa makovu. Hakuna dawa ya kuyaondoa. Makovu yale yanaweza kuendelea kukua hata mtu akishaacha vumbi miaka mingi, na yanamwachia TB mlango wazi maisha yake yote.

Hapa Uingereza silikosisi ni ugonjwa unaotambuliwa na sheria. Mfanyakazi aliyeupata kazini anaweza kuomba malipo ya ulemavu serikalini hata kama kiwanda kilishakufa. Lakini kuomba ni lazima useme ulifanya kazi wapi na lini. Kaka yetu amekataa kuomba. Anaogopa kwamba akitaja miaka ile, wataifukua na karatasi aliyokuja kuipata baadaye kwa jina lake. Kwa hiyo mapafu ni yake, miaka ni ya mwingine, na malipo si ya yeyote. Huo ndio utata, ndugu zangu. Mwambieni daktari yeyote aupime kwa eksirei kama atauona.

Sasa nirudi nyumbani, maana najua kuna watakaosema hayo ni ya Wazungu na viwanda vyao.

Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi, wakiwemo wachimba madini na wachonga mawe. Aliwashauri madaktari waongeze swali moja katika yale wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Imepita miaka zaidi ya 300. Nami nakiri mbele yenu: katika miaka yangu mitatu kanda ya kaskazini, niliwapokea vijana wengi wenye kifua waliotoka upande wa machimbo. Kwenye kadi palikuwa na nafasi ya kazi. Niliandika "mkulima" au "biashara" bila hata kumtazama mtu usoni, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nafasi yenyewe ilikuwa ndogo. Tukawaanzishia dawa za TB. Wengine walikuwa na TB kweli. Wengine walimaliza dozi, wakarudi na kifua kile kile, wakaanzishiwa tena. Wangapi kati yao walikuwa na mawe mapafuni? Sijui, kwa sababu SIKUULIZA. Huenda nilimhudumia aliyeshuka shimo moja na huyu kaka.

Mtasema sheria hakuna. Zipo! Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wa kuisimamia, OSHA. Ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wa WCF ulioanza kazi mwaka 2015, unaochangiwa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi senti. Kenya wanazo sheria zao mbili za mwaka 2007, ya usalama kazini na ya fidia. Kwenye karatasi tumekamilika. Hata wataalamu tunao: hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro, iliyoanza kama hospitali ya kifua kikuu enzi za Mwingereza, imekuwa ikiwachunguza wachimbaji wa Mererani kwa TB na kwa silikosisi pamoja. Nawavulia kofia.

Lakini sheria ya fidia inamtafuta mwajiri. Mwanaapolo mwajiri wake ni nani? Wengi hawana mkataba wala mshahara. Wanalishwa ugali, wanasubiri mgao jiwe likitoka. Jiwe lisipotoka hakuna mgao, na kifua kikiharibika hakuna anayewajibika, kwa sababu kwenye vitabu hakuna aliyeajiriwa.

Mwaka 2018 tulizindua ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya Mererani ili tanzanite isitoroshwe. Sipingi ukuta. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe mawili serikalini kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na taifa zima tukashangilia, mimi nikiwemo. Nauliza tu: anayetoka kwenye lango la ukuta ule anapekuliwa ili ionekane kama kabeba jiwe mfukoni. Je, yule aliyebeba jiwe kwenye mapafu anapekuliwa na nani? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumejenga, ufa uko palepale.

Tuje Ghuba. Hapa mtanisamehe nikiandika kwa uchungu, maana namzungumzia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo.

Aliondoka Tanga akiwa na miaka 24 kwenda kufanya kazi za ndani. Kabla ya kuondoka alipimwa. Eksirei ya kifua, damu, mkojo, ukimwi, homa ya ini, mimba. Akapata karatasi iliyoandikwa ANAFAA. Alipofika akapimwa tena. Ndio utaratibu wa nchi zile: ukikutwa na TB au virusi, aghalabu unarudishwa ulikotoka. Akaingia nyumba moja yenye vyoo saba. Kila siku vyoo saba, na mama mwenye nyumba alipenda harufu ya usafi. Kwa hiyo alimwaga jiki, na juu ya jiki akamwaga ile dawa kali ya kutoa kutu, akafunga mlango harufu isiende sebuleni, akasugua. Hakuna aliyemwambia kwamba jiki ikikutana na asidi inatoa hewa ya klorini, hewa ile ile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Miaka miwili.

Alirudi na kifua kinacholia kama filimbi na mikono imepasuka viganja. Uwanja wa ndege alipigiwa vigelegele, masanduku yakapokewa, zawadi zikagawanywa. Hakuna aliyempima. Zahanati wakasema aleji, wakampa vidonge. Hospitali wakasema nimonia, wakampa sindano. Kifua kikagoma. Mwisho mtaani wakasema ametoka na jini la Kiarabu, akasomewa, akafukizwa ubani. Fikirieni, ndugu zangu: mtu ambaye kifua chake kimeunguzwa na hewa chafu, mnamfungia chumbani na moshi wa ubani! Siwalaumu shangazi zangu, walifanya walichokijua. Nawalaumu wenye koti jeupe, kwa sababu mimi niliuliza kwa simu swali moja tu, "Kule ulikuwa unasafishia nini?", na kila kitu kikafunguka.

Serikali zetu zinatuimba kwa sababu ya fedha tunazotuma. Kenya peke yake mwaka 2024 ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walio nje. Fedha hizo zinahesabiwa hadi senti, kila mwezi, na Benki Kuu inatoa taarifa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nani anahesabu migongo, mapafu na mikono iliyoziunda? Wizara ipi ina orodha ya waliorudi na ugonjwa wa kazi?

Sasa na sisi tulioko huku tujitazame, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi ndio tuliobuni mzaha wa "wabeba boksi". Sisi ndio tunaomcheka anayeosha vikongwe, halafu tunamwomba mkopo. Kwenye misiba yetu tunachanga maelfu ya pauni kusafirisha maiti, lakini mtu akiwa hai akisema mgongo umekatika tunamwambia "komaa, huku si kwa mama". Na wale wenzetu waliokodisha namba zao wakachukua fungu kila Ijumaa, leo wengine ni wazee wa heshima kwenye jumuiya zetu. Simtaji mtu. Ila ujue, ndugu yangu, kwamba ulichokikodisha hakikuwa namba tu. Uliondoka na ushahidi wa mapafu ya mwenzio. Ukimfuata leo ukakubali kwa maandishi kwamba miaka ile alifanya kazi yeye, unaweza kumrudishia haki yake. Kuna wanasheria wa kushauri jinsi ya kufanya hivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na anayemfichia mwenzake je?

Utata huo haujaisha, umebadilisha nguo tu. Februari 2022 Uingereza iliruhusu wahudumu wa wazee kuajiriwa kutoka nje kwa viza ya afya. Machi 2024 wakakatazwa kuja na familia. Julai 2025 mlango wa kuajiri wapya kutoka nje ukafungwa. Walioingia katikati wako mikononi mwa mwajiri mdhamini. Udhamini ukikatwa, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Sasa niambieni, dada aliyeumia kiuno kwa kunyanyua wazee, ambaye aliuza shamba la mama yake kumlipa wakala, atathubutu kuja kuniambia ukweli? Anakuja, anajipaka tabasamu, anainama mbele yangu na kuinuka huku jasho linamtoka, anasema "niko fiti, sista". Nami nikiandika anachokisema, nimemuua. Nikiandika ninachokiona, anadhani nimemfukuza nchini. Wakati mwingine namwambia tu: ripoti yangu inaweza kukupatia mashine na mwenzako wa kunyanyua naye, na sheria ya hapa inamlazimu mwajiri amrekebishie kazi mwenye ulemavu kwa kadiri inayowezekana. Wachache wanaamini. Siwalaumu.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: "Nchi zetu maskini, hospitali hazina panadol, wewe unaleta anasa za Ulaya." Swali "umefanya kazi gani tangu ujana wako?" linagharimu shilingi ngapi? Dozi ya pili na ya tatu ya TB kwa mtu asiye na TB inagharimu ngapi? Anasa ni hiyo.

La pili: "Tukiwadai Waarabu bima na vipimo, watachukua Wafilipino." Hapa nacheka, maana ni kinyume chake. Ufilipino tangu sheria yao ya mwaka 2010 inamlazimu wakala amkatie bima kila mfanyakazi anayempeleka nje, bila kumtoza mfanyakazi mwenyewe. Je, wameacha kuajiriwa? Wako kila nyumba na kila meli. Mnyonge anayejitangaza ni bei rahisi hapati kazi zaidi, anapata vyoo saba.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma: "Watu wanajua hatari na bado wanataka kwenda." Ni kweli. Njaa haina macho. Lakini mtu kukubali kufa kwa ajili ya wanawe si kibali cha wewe kutomhesabu.

Kwa hiyo naomba nitoe hoja zangu waziwazi, atakayezipinga apinge moja moja.

Mosi, kila kadi ya hospitali nyumbani iwe na nafasi ya KAZI ZOTE, za sasa na za zamani, na wanafunzi wa uuguzi na utabibu wafundishwe kuijaza kwa kuuliza, si kwa kukisia. "Mkulima" si jibu. Analima nini, anapulizia dawa gani, na kabla ya hapo alikuwa wapi?

Pili, kama tunavyopimwa tukienda, tupimwe tukirudi. Kifua, pumzi, ngozi, figo, mgongo, na akili pia. Gharama aibebe wakala aliyekula kamisheni, na iandikwe kwenye mkataba kabla mtu hajapanda ndege.

Tatu, mwanaapolo na kila mchimbaji mdogo aingizwe kwenye fidia hata kama hana mkataba. Sehemu ya kodi ya jiwe iende kwenye mfuko wa pafu. Na maji ya kutobolea mwamba yawe sharti la leseni, likaguliwe shimoni na si ofisini.

Nne, jumuiya zetu za ughaibuni zianzishe daftari. Mtu aandike kazi zake, mwaka kwa mwaka, kiwanda kwa kiwanda, kwa jina lolote alilotumia, akabidhi bahasha kwa mtu anayemwamini au kwa mwanasheria wake. Siku kifua kitakapodai maelezo, yawepo.

Nimalizie na yule mdogo wangu. Ana pumu sasa, pumu ya kazini, anatumia dawa ya kuvuta asubuhi na jioni. Mtoto wake kaanza darasa la kwanza na ada imeshasumbua. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe wa sauti. Wakala kampigia, nyumba nyingine imepatikana, mshahara umeongezwa kidogo. Kipimo ni mwezi ujao. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefunga mlango kwanza:

"Dada, wewe ni muuguzi. Kuna dawa gani ya kukituliza kifua siku ile moja tu ya kupimwa?"

Dawa ipo, na ninaijua. Siku tatu sasa sijamjibu. Mwenye jibu lingine la kumpa binti huyu, lenye ada ya mtoto ndani yake, naomba aniandikie. Na kama ni waziri au mbunge, aanze yeye.

Naomba kutoa hoja.

Muuguzi, Midlands, Uingereza